Kusikia kwa Goti

Daphine hamuulizi mteja kama anasikia. Ukiingia kwenye chumba chake pale Busia, upande wa Uganda, atakuuliza umetoka wapi, asubuhi umekunywa nini, jirani yako anaitwa nani, na atakuuliza huku amefunika mdomo kwa jalada la daftari kuukuu. Ukijibu sawasawa, anaandika. Ukijibu ovyo, anaandika pia. Lakini lile swali ambalo kila mtu hulitarajia kwa fundi wa masikio halitoki kinywani mwake, na wanafunzi wanaotumwa kujifunza kwake wakilianza huwakatiza kwa mkono. Mimi najua sababu, maana sababu yenyewe ni mimi.

Naitwa Mangeni. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja upande wa Kenya, nikastaafu na masikio mawili yaliyochoka kwa kelele za watoto. Mke wangu anadai kelele zilizoyachosha ni zangu mwenyewe. Kila Jumanne navuka mpaka kwa miguu, napita kando ya malori yaliyopanga foleni, naingia kwa Daphine. Mwanzoni nilikwenda kama mteja. Baadaye akaona nina sauti nzito, ile ya kuita darasa zima kutoka mwisho wa uwanja, akasema anaihitaji. Yake ni nyembamba, na mtu aliyepimwa kwa sauti moja hajapimwa. Basi nikapewa kiti nyuma ya wateja, nikawa nasoma maneno na wao wanayarudia: Molo, Kirewa, muhogo, samaki, kesho, shoka. Malipo yangu ni chai, na chapati siku akiwa na furaha.

Yeye ni Msamia wa Buhehe, mtoto wa wakulima, mwanamke wa miaka thelathini na minne asiyependa kupotezewa muda. Alikuwa muuguzi wa kawaida kabla ya kupelekwa Kampala kusomea masikio. Alirudi na mashine zake kwenye masanduku mawili, na namna ya kuzieleza kwa Kiingereza tu, akakuta wateja wake ni wakulima wa mtama na wauza dagaa. Ilimbidi atafute maneno upya. Mtu akiletewa kifaa kipya cha kusaidia kusikia, akakivaa, akataka kuondoka mbio kwa furaha, Daphine humkalisha chini na kumwambia habari za fundi cherehani. Nguo ikiwa mezani haina kosa, anasema. Fundi mzuri anakuvalisha, anakuambia inua mikono, inama, kaa, ndipo aone inabana wapi. Kifaa nacho hakijulikani mpaka kivaliwe.

Kisha anawaonyesha. Kuna mrija laini, mwembamba kama utambi, anaoutelezesha ndani ya sikio kando ya kifaa. Kipaza sauti kinasema maneno, na kwenye kompyuta unatokea mstari unaoonyesha ni sauti kiasi gani imefika ndani kabisa, karibu na ngoma ya sikio. Kuna mstari mwingine uliochorwa tayari, wa kiasi kinachotakiwa kwa masikio ya mtu huyo. Mistari ikilaliana, fundi ameshona sawa na vipimo. Baada ya hapo anafunika mdomo kwa lile jalada na kutamka sauti sita: aa, uu, ii, mm, ss, sh. Ndiyo kuinua mikono na kuinama. Wateja wengi hucheka wakiambiwa warudie kama watoto wa chekechea, naye hucheka nao, ila hairuki hatua hiyo. Zamani alikuwa akiiruka, mara mojamoja, foleni ikiwa ndefu.

Na kabla ya yote hayo kuna kipimo cha kwanza, cha hedifoni, ambacho mteja anatakiwa kuinua mkono kila mlio unapotokea. Hapo ndipo nilipoingiza mdomo wangu.

Daphine alikuwa amebandika ukutani maelezo aliyoyaandika mwenyewe kwa wino wa bluu, kwa Kiswahili cha hapo mpakani: "Kama sauti nakuja kwa masikio yako, nyanyua mukono. Kama hakuna sauti, kaa tu." Nilipoyasoma mara ya kwanza meno yaliniuma. Nilimwambia anaandika kama utingo wa lori. Jumanne iliyofuata nilikuja na karatasi ngumu, herufi nyekundu zimesimama wima kama askari: UKISIKIA, INUA MKONO. Maneno matatu mahali pa kumi na matatu. Alisema ni mazuri kweli, akabandua yake, akaitia kwenye droo. Nilikunywa chai yangu siku hiyo nikijitazamia ile karatasi kama mtu aliyeoa.

Mama Apio alikuja mwezi wa tatu, siku ya soko, foleni ikiwa imefika getini. Ni mama wa Kirewa, Mjopadhola, anayekaribia miaka sitini, mrefu, mwenye mikono ya jembe na heshima nyingi. Binti yake Babra anauza katika duka la nguo upande wa Kenya na hurudi kwao mwisho wa wiki. Mtoto wa Babra, Juliet, ambaye hajatimiza miaka mitatu, anakaa kwa bibi yake huyo. Babra ndiye aliyemtuma mama yake, kwa sababu simu zilikuwa zikilia bila kupokelewa.

Daphine alimvalisha hedifoni, akamwonyesha karatasi yangu na kumsomea. Mama Apio akainua mkono kwa milio mizito, akakaa kimya kwa ile myembamba. Ni picha anayoiona Daphine kila wiki kwa watu wa umri ule: sauti nzito zinaingia, nyembamba zimekwenda. Akatengeneza kifaa kifuate hivyo, kiziinue nyembamba na kuziacha nzito zipite zenyewe. Akatia mrija, mistari ikalaliana. Ilibaki kufunika mdomo. Nje watu walikuwa wananung'unika, na gari la Kirewa lilikuwa karibu kuondoka. Daphine akamtazama usoni, akamuuliza, "Mama, unasikia?"

"Nasikia, musawo. Nasikia muzuri." Musawo ndiyo daktari kwa watu wa huko.

Daphine akaandika kwenye kadi yake: anasikia vizuri. Nilikuwa pale nyuma, kwenye kiti changu, na sikuitwa kusoma hata neno moja.

Walirudi mwezi wa saba, Jumanne, safari hii mama na binti, na mtoto kabebwa mgongoni na bibi. Babra alikuwa amevaa vizuri na amekasirika vizuri. Aliweka kadi mezani na kutueleza kilichotokea, akizungumza juu ya mama yake kana kwamba mama hayupo. Wiki iliyopita Juliet alikuwa ameteleza kwenye shimo la kufyatulia matofali, pale pale nyuma ya nyumba, ambalo mvua ilikuwa imelijaza maji. Maji yalimfika kifuani. Alisimama humo akilia mpaka sauti ikakauka, na bibi yake alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale, amelipa shimo mgongo, anapepeta mtama, na kifaa kiko sikioni. Aliyemtoa ni jirani aliyekuwa akipita kutoka shambani.

"Kadi inasema anasikia vizuri," Babra alisema. "Yeye mwenyewe anasema anasikia. Basi mtoto alilia, akasikia, akaendelea na mtama wake. Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi namchukua mtoto, nitampeleka kwa dada ya babake Nakuru."

Mama Apio alikuwa akifuata midomo ya binti yake. Sijui alipata maneno mangapi, lakini neno la Nakuru alilipata, kwa sababu mkono wake ulikwenda mgongoni na kumshika mtoto mguu. Hakujitetea. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba kile kitu anakivaa kila siku, kwamba hajawahi kukitoa ila akilala, na kwamba alikuwa hajui.

Nitasema ukweli, nilimwamini Babra. Nimefundisha watoto wengi waliokuwa "hawasikii", na kwa Kiswahili chetu mtoto asiyesikia si kiziwi, ni mkaidi. Mama huyu nilimwona mkaidi aliyezeeka. Nilimhurumia mtoto.

Daphine alisafisha kifaa, akabadili betri, akatelezesha mrija, akawasha. Mstari ukapanda na kulala juu ya mwenzake bila kasoro. Babra aliiona kompyuta, akapiga kofi moja dogo kwenye paja lake. Mashine iko sawa, alisema, kwa hiyo ni Mama. Nami nikatikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe.

Daphine alichukua jalada la daftari akafunika mdomo. Akatamka aa. Mama Apio akamtazama macho. Akatamka mm. Hakuna. Akatamka ss, sh, hakuna. Akaniambia nisome. Nikasoma kwa sauti yangu ya uwanjani, nyuma ya kisogo chake: Molo, Kirewa. Kirewa ni kwao alikozaliwa na kuolewa, na hakutikisika. Mtoto mgongoni ndiye aliyegeuka kunitazama.

Hapo uso wa Daphine ulibadilika. Mtu anayesikia milio mizito kama ile kadi ilivyosema hawezi kuikosa sauti yangu. Kitu kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa uongo, na sauti yangu naijua. Daphine akamvua kifaa, akamvalisha hedifoni upya, akaleta mlio mzito. Mama Apio akainua mkono. Akaleta mwingine, mkono ukapanda. Babra akaguna. Daphine akainama mbele yake, akazungumza taratibu midomo ikionekana, akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu: hiyo sauti, Mama, iko wapi?

Mama Apio akagusa taya. "Hapa," alisema. "Nasikia natetema hapa."

Daphine akachukua kile kidude kidogo kinachobanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, ambacho hutumika kupima kwa njia ya mfupa. Hakukiweka nyuma ya sikio. Alikiweka juu ya goti la Mama Apio, akakishikilia kwa kidole, akabonyeza.

Mama Apio akainua mkono.

Akabonyeza tena, akanyamaza, akabonyeza. Kila mara mkono ulipanda kwa wakati wake, sawasawa, bila kukosea hata mara moja, mkono wa mtu mwaminifu anayefanya alichoambiwa. Babra alikuwa ameacha mdomo wazi. Nami macho yangu yalipanda ukutani yenyewe, yakatua kwenye herufi zangu nyekundu.

Ukisikia. Kila mwaka, kidato cha pili, niliandika ubaoni: nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia uchungu, nasikia harufu ya samaki. Nikawaambia watoto, tazameni utajiri wa lugha hii, kitenzi kimoja kinabeba mwili mzima. Hata lugha zetu za nyumbani, ya kwangu na ya Mama Apio, zina neno la namna hiyo hiyo. Mama Apio alisomewa karatasi iliyoandikwa na mwalimu, akaitii. Alisikia. Alisikia kwa taya, akasikia kwa goti, akasikia kifaa kikimkuna ndani ya sikio na hewa ya kipaza sauti ikimgusa shavu, na alipoulizwa alisema nasikia. Neno la Daphine, lile la utingo wa lori, lilikuwa limesema wazi: kama sauti nakuja kwa masikio yako. Mimi ndiye niliyeyafuta masikio.

Daphine alisimama mbele ya Babra. Nilijua anachoweza kusema. Angeweza kunyoosha kidole ukutani tu.

"Kosa ni langu," alisema. "Mama yako hakusikia mtoto. Hakuwa anaweza kusikia. Hicho kifaa nilikitengeneza kwa masikio ambayo si yake, halafu sikumaliza kumpima. Niliandika kadi kwa haraka. Haya maji yote aliyosimama mtoto ni juu yangu."

Babra alimwambia maneno, na sitayarudia. Mengi yalikuwa ya haki. Daphine aliyapokea amesimama, mikono imeshikana mbele. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nyuma, mtu mzima wa miaka sitini na minne mwenye shahada, nikayaangalia matusi yangu yakipelekwa kwa mtu mwingine. Sikufungua mdomo. Nilijiambia si wakati wake, nitazidisha moto. Lakini ilikuwa woga mtupu.

Maneno yalipomwishia Babra, Daphine alieleza, na alieleza kwa mama na binti pamoja, kwa mdomo ulio wazi na mikono. Mistari ya kompyuta haikudanganya, alisema. Fundi alishona sawa na vipimo, ila vipimo vilikuwa vya mtu mwingine. Ataanza upya. Masikio ya Mama yamepungukiwa zaidi ya alivyodhani, kwa hiyo kifaa itabidi kiongezwe nguvu, na kikiongezwa nguvu kitapiga mluzi kama hakikuziba vizuri, kwa hiyo atatengeneza kizibo kipya cha kufuata tundu la sikio lake. Wiki mbili. Akaomba jambo moja tu, mtoto asipelekwe Nakuru kabla ya wiki hizo mbili kwisha. Babra alisema atakaa naye yeye mwenyewe dukani mpaka siku hiyo, halafu ataona. Hakuahidi zaidi.

Kabla ya kuondoka Mama Apio alimshika Daphine mkono. Alitaka kusema kitu na aliyatafuta maneno kwanza.

"Kumbe mimi sikudanganya mutu," alisema.

"Hukudanganya, Mama."

"Babra alisema nadanganya. Sasa hata mimi nilianza kufikiri nadanganya."

Babra aligeukia mlangoni, akajifanya anafunga vizuri mkanda wa begi.

Wiki zile mbili zilikuwa ndefu. Niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia kichwa. Jumanne ya katikati nilikwenda kama kawaida na kukuta karatasi yangu ingali ukutani. Daphine hakuwa ameigusa. Alikuwa akimweleza kila mteja kwa mdomo, ukiisikia masikioni, siyo mwilini, masikioni, anagusa sikio lake, halafu anaendelea, na wakati wote ule herufi zangu nyekundu ziko juu ya kichwa chake zikimpinga. Aliniletea chai. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema aliyekuwa na mteja mkononi ni yeye. Karatasi haimpimi mtu. Akaongeza kwamba angefunika mdomo siku ya soko, dakika tatu tu, karatasi yoyote ingejulikana ni mbovu. Hapo alikuwa na haki, lakini hakuninusuru.

Walirudi wote watatu. Kizibo kipya kiliingia na kukaa, cha rangi ya waridi, kikubwa kuliko cha kwanza. Kipimo cha hedifoni kilirudiwa kwanza, na safari hii Mama Apio alikuwa anajua. Milio mizito ilipokuja aliusikiliza mwili wake, akatabasamu, akaacha mkono pajani. Mingine ilipomfika masikioni aliunyanyua. Picha mpya ilikuwa mbaya zaidi ya ile ya zamani na ilikuwa ya kweli. Daphine akatengeneza kifaa kuifuata, akatia mrija, akasubiri mistari ilaliane, hakuitazama kwa furaha yoyote. Akachukua jalada.

"Aa," alisema nyuma ya jalada.

Macho ya Mama Apio yalikwenda dari, yakarudi.

"Aa," akajibu.

Uu, akajibu uu. Ii ilichelewa, ikaja. Mm ilikuja. Ss haikuja, na sh haikuja, hata mara tatu. Nikaitwa. Nilisoma Kirewa, akasema Kirewa, nikasoma Molo, akasema Molo. Nikasoma shoka, akasema oka. Sikumsahihisha.

Daphine aliweka jalada chini na kusema yale ambayo wauzaji wa vifaa hawapendi kuyasema. Sauti za ss na sh hazitarudi, kifaa hakina cha kuzifanyia. Kilio cha mtoto kitamfika akiwa uani, akiwa bustanini hakitamfika. Na kwa kuwa kifaa ni kimoja, sikio moja, atajua mtoto analia lakini hatajua analilia wapi. Alitoa mfano: mtu aliyefumba jicho moja akijaribu kutia uzi kwenye sindano. Babra alisikiliza yote hayo bila kukatiza. Alikuwa amekuja na begi la nguo za mtoto, liko miguuni pake, na kila mtu aliliona.

Juliet alikuwa ameteleza kutoka mapajani, yuko kwenye ukumbi wa nje, upande wa kulia, anagombana na kuku wa jirani. Kuku labda alimdonoa, labda alimkaribia tu. Mtoto akapiga kelele moja.

Mama Apio alisimama kabla yetu sote. Aligeuka kushoto, kwenye ukuta mtupu, akatafuta pale, akageuka upande wa pili, akaona mlango, akaenda. Alirudi na mtoto kiunoni.

"Umemsikia, lakini umeenda kwa ukuta," Babra alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

Mama Apio alimtazama midomo, akaelewa. Alifikiri. Hakujitetea safari hii pia.

"Musawo nasema kweli. Sitajua ni wapi," alisema. "Sasa akilia, nitaangalia kwa shimo kwanza."

Babra alikaa. Aliinamisha uso, akaufuta kwa kiganja, mara mbili, kwa hasira, kama mtu anayefuta meza. Kisha akasema shimo litafukiwa Jumamosi hiyo hiyo, atakuja yeye na jembe kama hakuna mwanaume wa kulifukia, na kwamba Mama apepete mtama ameelekea uani. Lile begi la nguo alilisukuma kwa mguu hadi kwenye miguu ya mama yake.

Ndipo nikasema. Nilijua nikivuka mpaka mara nyingine na lile jambo kifuani sitarudi tena kwa Daphine. Nilihama kutoka kiti cha nyuma, nikaja mbele ambapo Mama Apio angeniona midomo, nikanyoosha kidole ukutani. Niliwaambia karatasi ile ni yangu. Niliwaambia ya Daphine ilitaja masikio na mimi nikaitoa kwa sababu Kiswahili chake kilinichekesha, na kwamba matusi ya siku ile Babra aliyapeleka mlango usio wake. Babra alinitazama muda mrefu, nikayasubiri ya kwangu. Hakuyatoa. Aliniuliza tu nilikuwa nafundisha shule gani, nikamtajia, akatikisa kichwa polepole, na nilitamani angenitukana.

Mama Apio aliuliza mwalimu anasema nini. Daphine akamrudia kwa ufupi, mdomo wazi. Mama Apio aliitazama karatasi, akanitazama mimi, na nikaona anajizuia kucheka.

"Mwalimu," alisema, "Kiswahili yako ni tamu sana. Lakini haiko na masikio."

Daphine alicheka hadi akashika meza. Nami nilicheka. Niliibandua karatasi yangu. Nikafungua droo, nikaitafuta ile ya wino wa bluu, nikaikuta chini ya risiti na vifuniko vya betri, imekunjamana pembe moja. Niliinyoosha mezani kwa kiganja. Nikamuuliza Mama Apio kama kuna kitu kimepungua, na Daphine akamrudia swali. Alifikiri akiwa amemshika mtoto, kisha akasema, na nikaandika chini ya maneno ya Daphine neno kwa neno kama alivyotamka. Iko ukutani hadi leo, na mtu yeyote anayetaka kunicheka aende akaisome:

"Kama sauti nakuja kwa masikio yako, nyanyua mukono. Kama hakuna sauti, kaa tu. Kama natetema kwa mwili, hiyo si sauti, wacha ipite."

Wanafunzi wangu wa zamani wakipita pale hushangaa kuona mwandiko wangu chini ya makosa yale yote, nami huwaambia hayo si makosa.